Nilivyokosa Mguu Mchafu Kasulu Nzima

Mara ya mwisho uliniacha uani kwa mzee wa kanisa, nimechuchumaa katikati ya kuku. Nilikuwa nimekataa kiti, nikakataa benchi, nikakataa na mkeka, nikitafuta mahali pa chini kuliko wageni wote. Nikageuka. Mwinjilisti Melkiadi alikuwa amenitangulia. Amekaa juu ya majivu, anakwangua ukoko wa wali kwa kifuniko cha sufuria.

"Bwana asifiwe, Mwinjilisti," akaniambia kwa upole, mdomo umejaa. "Hapo ulipo ni juu mno. Sogea huku."

Kama ndiyo kwanza unanisoma, nakuweka sawa kwa maneno machache, maana aibu haifai kurudiwa yote. Naitwa Didas, mwinjilisti wa Kanisa la Neema hapa Kasulu mjini. Kanisa letu limefungua usharika mpya Heru Juu, na usharika huo hauna mchungaji. Kwenye mkutano mkuu kule Kibondo, Baba Askofu Harerimana alisimama akasema, "Heru Juu nitampa aliye mdogo kuliko wote." Akakaa. Hakueleza zaidi.

Tuliobaki kufikiriwa ni wawili, mimi na Melkiadi anayehudumu upande wa Kabanga. Tangu siku ile tunashindana kuwa wadogo.

Heru Juu nilikuwa naitaka kweli, nisikufiche. Nimekuwa mwinjilisti tangu ujana wangu. Nimehubiri kwenye mvua, nimezika watu wakati wachungaji wako safarini, nimeshika mwavuli juu ya vichwa vya waliobatiza. Sijawahi hata mara moja kuitwa Mchungaji. Kanisa linataka mchungaji awe amesoma sekondari, ndiyo maana na mvi zangu hizi naingia darasani kila jioni. Naomba usiku, naomba asubuhi, na jina ninalomtajia Mungu ni moja: Heru Juu.

Sasa tuendelee na Ijumaa, siku moja kabla Baba Askofu hajaja Kasulu kumtangaza mchungaji.

Jioni ile Mwalimu Ghati alitufundisha Uraia. Mwalimu Ghati ni Mkurya wa Tarime, serikali imemleta kwetu, na hajawahi kuzungusha neno.

"Didas, taja sifa moja ya kiongozi bora."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limenijaa mdomoni. Lakini Melkiadi tunasoma naye darasa moja, na alikuwa nyuma yangu ananisikiliza.

"Mwalimu, wapo wanaostahili kujibu kuliko mimi," nikasema.

"Unajua au hujui?"

"Kusema najua ni kujikweza, Mwalimu."

"Basi unapata sifuri."

"Asante sana, Mwalimu."

"Unanishukuru kwa sifuri?"

"Imenishusha."

Nyuma yangu nikasikia kiti kinaburuzwa. Melkiadi amesimama, mikono kifuani.

"Mwalimu, mimi naomba unipe pungufu ya hiyo ya Mwinjilisti Didas."

Mwalimu Ghati akaweka chaki mezani. "Wazee wangu, nimefundisha watoro, nimefundisha walevi. Mtu anayegombania sifuri sijawahi kumwona. Kaeni chini wote wawili."

Tukakaa chini. Sakafuni. Akatoka nje kupunga hewa.

Nyumbani nikapiga magoti kando ya kitanda. Kesho yake kungekuwa na ibada ya kutawadhana miguu, na Baba Askofu angeiongoza mwenyewe. Nikaomba hivi: "Bwana, nishushe. Nishushe kabisa, nisiwe kitu. Lakini unishushe Baba Askofu akiwa anatazama."

"Baba Kezia," mke wangu Odilia akaniita kutoka mlangoni. "Hiyo sala umeimalizia vibaya."

"Unasikiliza sala ya mtu?"

"Umeiomba kwa sauti. Jirani kaitikia amina."

Nikanyanyuka, nikafuta magoti. "Kesho nitalitawadha kanisa zima. Kila mtu, mguu kwa mguu."

"Kwa maji gani? Bomba halitoi tangu juzi."

"Bwana atatoa maji."

Odilia akaitazama ndoo yake iliyokuwa pembeni mwa mlango. Akanitazama mimi. Halafu akasema, "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha chetu, na akaenda kulala mapema kama mtu mwenye safari.

Nikalala na amani tele. Nilidhani Bwana na mimi tumeelewana.

Asubuhi nilifika kanisani na beseni jipya mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha, na tope letu jekundu unalijua, likikushika kiatu halikuachii. Langoni nikakutana na Melkiadi. Naye ana beseni. La kwake lilikuwa limetoboka na kuzibwa kwa lami. Nikaumia moyoni. Kwa nini sikufikiria beseni bovu?

Hapa lazima nikueleze jambo. Kwetu Buha salamu haitupwi tu hewani. Mdogo anainama, anashika mikono ya mkubwa, anasalimia, na hainuki mpaka mkubwa amwinue. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na Melkiadi kalelewa hivyo hivyo.

"Mwakeye," nikamwamkia, nikainama.

"Mwakeye, mkubwa wangu," akajibu, akainama kunipita.

Nikapiga goti moja. Akapiga mawili. Nikaweka beseni kando, nikapiga mawili na viganja chini. Yeye akalaza paji la uso kwenye tope.

Nikalala kifudifudi.

Akalala.

Tukawa hapo, vichwa vinatazamana, katikati kabisa ya lango la kanisa.

"Inuka, mkubwa wangu," nikamwambia.

"Nitainukaje wakati mkubwa wangu bado yuko chini?"

"Mkubwa ni wewe. Umezaliwa kabla yangu."

"Lakini wewe uliokoka kabla yangu."

"Niliokoka nikarudi nyuma, nikaokoka upya. Hesabu ile ya pili."

"Usinikweze mbele ya lango la Bwana, Mwinjilisti. Nitalia."

Washirika wakaanza kukusanyika. Wengine walidhani ni maombi maalumu, wakavua kofia. Mama mmoja akaanzisha pambio la toba. Hakuna aliyetaka kutushika mkono, maana ukimwinua mtu umejifanya mkubwa wake, na siku ile hakuna mtu Kasulu aliyetaka kuwa mkubwa.

Kisha nikaona miguu ninayoijua. Odilia, ndoo ya maji kichwani, pekupeku.

"Mnatafuta nini hapo chini?"

"Tunasalimiana," nikasema.

"Sogeeni basi nipite, haya maji ni mazito."

Sikusogea. Anayesogea wa kwanza angehesabiwa ameinuka. Melkiadi naye hakusogea. Na mke kumruka mumewe aliyelala, kwetu ni jambo la kuitiwa kikao cha ukoo.

Odilia alisimama kidogo. Nilimsikia anashusha pumzi. Akazunguka kupitia mtaroni, tope likamzamisha mpaka katikati ya muundi. Akashika ukingo kwa mkono mmoja, ndoo akaishika kwa mwingine, akapanda upande wa pili. Akapita.

Mimi nikaona ameonyesha heshima nzuri. Nikamshukuru Mungu kwa mke mwema.

Aliyetuokoa ni Mwalimu Ghati, alikuwa anapita kwenda sokoni na kikapu chake.

"Hawa wamekufa?"

"Wananyenyekeana, Mwalimu," Winifrida wa kwaya akamjibu.

"Kwetu Tarime mtu akilala njiani tunauliza mambo mawili, amekufa au amelewa. Hili la tatu ni la kwenu." Akanishika ukosi wa koti, akamshika na Melkiadi, akatuinua kwa mpigo kama mtu anayeng'oa mihogo miwili. "Jumatatu mna jaribio. Mjibu maswali."

Habari ikaja kwamba gari la Baba Askofu limeshapita Makere. Nikaharakisha kuwapanga watu wangu kwenye benchi za mbele, kila mmoja amekunja suruali au amepandisha kitenge. Nikachota maji kwenye pipa, nikaanza majaribio ili Baba Askofu atukute tumepamba moto.

Nikamvua Mzee Niyubahwe viatu. Ndani mna soksi mpya. Nikavua soksi. Mguu unang'aa.

"Mzee, mbona umeshanawa?"

"Ningekuletea mguu mchafu wewe, Mwinjilisti? Nimenawa tangu jana. Nimelala na soksi."

Nikahamia kwa Winifrida.

"Nimesugua visigino kwa jiwe mpaka vinawaka moto," akaniambia kwa fahari. "Na mafuta ya mgando nimepaka. Shika uone."

Nilishika. Mguu ukaniponyoka kama samaki.

Safu nzima ilikuwa hivyo. Hawa ni watu wanaolima maharage na mihogo, wanaotembea kwa miguu kutoka mashambani, ila siku ile walikuwa na miguu ya maharusi. Niliwatawadha wote, na maji kwenye beseni yalibaki meupe. Ungeweza kuyanywa. Baba Askofu angeingia akaliona beseni lile, angejua nimefanya kazi gani?

Nikachungulia dirishani. Chini ya paa la jikoni, Melkiadi alikuwa na watu wake. Hakuwa amewaita washirika. Alikuwa amekwenda kwenye tanuru la matofali akawachukua wafyatuaji moja kwa moja kutoka kwenye shimo, tope limewafika magotini, mmoja bado ana kibao cha kufyatulia. Anawamwagia maji ndoo kwa ndoo. Beseni lake lilikuwa zito kama uji wa ulezi.

"Polepole na maji!" nikamsikia Odilia anamwambia. "Mbali huko ninakoyatoa."

"Mama, unyenyekevu hauna kipimo," Melkiadi akamjibu, akamwaga nyingine.

Nikaliona tope lile nikalitamani. Ndugu msomaji, mimi mtu wa maombi, nililitamani tope la mwenzangu.

Nikatoka mbio na beseni mpaka kijiwe cha bodaboda. Pale nilijua tope halikosekani. Nikamwona dereva mmoja amekaa juu ya pikipiki, kandambili miguuni, matope mpaka kwenye kucha. Nikapiga magoti.

"Mwanangu, naomba miguu yako."

Akairudisha nyuma. "Ya nini, mzee?"

"Nikutawadhe mbele ya Askofu."

"Kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ni heshima."

"Mzee, mimi ni Muislamu."

"Hata Muislamu ana miguu."

"Anayo, na anainawisha mwenyewe mara tano kwa siku. Niache bwana."

Nikamshika kifundo. Naomba uelewe hali yangu, gari lilikuwa limeshapita Makere. Akapiga kelele, akaruka upande wa pili wa pikipiki, akakimbia kandambili ikibaki mkononi mwangu. Nikamfuata. Tukapita mbele ya maduka ya vitenge, yeye mbele, mimi nyuma na beseni, maji yananimwagikia kifuani.

"Kaiba beseni?" mtu akauliza.

"Hapana, mwenye beseni ndiye anayemkimbiza."

"Kijana, simama ushushiwe baraka!" mwingine akacheka.

"Nimekataa kwa hiari yangu!" dereva akajibu, akaingia uchochoro akapotea.

Wenzake pale kijiweni, niliporudi, walikuwa wamepandisha miguu yote juu ya pikipiki. Nikawarudishia kandambili ya mwenzao. Nikarudi kanisani nimelowa, beseni tupu, na machozi yako karibu. Kasulu nzima, mji uliojengwa juu ya tope jekundu, na mimi nimekosa mguu mmoja tu mchafu.

Nikafika mlango wa nyuma wa kanisa. Odilia naye ndiyo anafika, na ndoo nyingine. Kitenge kimelowa kiunoni. Miguu yake ilikuwa myekundu mpaka magotini, tope la mtaroni limekauka, jipya limepanda juu yake, na kwenye kidole gumba jani la mgomba limenasa.

Nikashtuka.

"Mama Kezia! Ndiyo nini hivyo? Nenda kanawe haraka, Baba Askofu anakuja!"

Odilia akaishusha ndoo mlangoni. Alikuwa anatazama nyuma ya bega langu.

Nikageuka.

Baba Askofu Harerimana ni mtu mfupi, mwembamba, sauti yake ndogo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakalima Kibondo, na mpaka leo anatembea kama mtu anayekagua mistari ya maharage, kichwa chini. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, mkoba wake mkononi.

"Mwinjilisti Didas," akasema. "Ulikuwa unakimbia na beseni. Nimekuona kutoka garini. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Mguu mchafu, Baba."

"Umepata?"

"Sijapata, Baba Askofu. Nimezunguka mji mzima."

Akainamisha kichwa zaidi kidogo. Nikafuata macho yake. Yalikuwa yamefika kwenye miguu ya Odilia, na hayakuondoka pale.

Nikaiona na mimi.

Nilichoweza kusema ni, "Huyu ni mke wangu."

"Nimeelewa hivyo," akasema Baba Askofu.

Tukaingia ndani. Mbele ya kanisa tulikuwa tumeweka kiti kikubwa cha kitambaa chekundu, kimechongwa mikono miwili ya simba, kwa ajili yake. Mimi na Melkiadi tulikuwa tumekikataa mara nyingi wiki ile mpaka kikashika vumbi. Baba Askofu alikipita akaenda kukaa benchi la akina mama, kati ya Winifrida na mtoto aliyekuwa anakula muwa.

Melkiadi akaingia na beseni lake la uji mwekundu, amelibeba juu kama sadaka, akaliweka mbele kabisa watu walione.

"Hawa wawili nimewasikia sana," Baba Askofu akasema bila kusimama. "Wameniambia ni vumbi, ni mdudu, si kitu. Kila mmoja kaniambia kwa urefu. Leo nataka kumsikia aliyewatekea maji. Mama, njoo mbele. Niambie, Heru Juu nimpe nani?"

Muwa ukaacha kutafunwa.

Odilia akaja mbele, anaacha alama nyekundu sakafuni. Nikamtazama kwa macho ya kusihi. Miaka yote ya ndoa yetu niliweka kwenye macho yale.

"Baba Askofu, nitajibu," akasema. "Lakini nimesimama tangu alfajiri. Naomba kwanza nikae."

Akatafuta mahali. Benchi zote zimejaa. Akakiona kile kiti. Akapangusa vumbi kwa ncha ya kitenge, akakaa. Akaegemea. Akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, na tope likaanza kudondoka kwenye zulia.

Mzee Niyubahwe alifumba macho.

"Kiti kizuri," Odilia akasema taratibu. "Kumbe ni kiti tu."

"Ibada ni ya kutawadhana miguu," Baba Askofu akasema. "Na miguu ile pale."

Mimi na Melkiadi tuliruka pamoja. Tukagongana vichwa, nikaona nyota, tukaanguka kila mmoja upande wake wa kiti. Nikavuta beseni langu. Tupu. Maji yake niliyamwaga nikimkimbiza mtu asiyeyataka. Melkiadi akavuta lake, akachovya mkono, ukatoka na tope zito kuliko la mguuni.

"Pipa!" nikapiga kelele.

"Tupu," mtu akajibu kutoka nje. "Wafyatua matofali wameyamaliza."

Ndoo ya mwisho je? Wafyatuaji walikuwa wameikuta mlangoni, wakanawia mikono na kibao chao.

"Basi yaletwe mengine," Baba Askofu akasema. "Mnateka wapi?"

Melkiadi akanyoosha kidole upande wa Kabanga. Mimi nikanyoosha upande wa sokoni.

Kicheko kilianza kwa akina mama. Kilianza kidogo, kikapita benchi hadi benchi, mpaka wafyatuaji nao pale mlangoni wakacheka. Baba Askofu peke yake hakucheka. Odilia akatuonyesha kwa kidevu, mlango wa nyuma, chini, bondeni.

Hapo ndipo nilipoona mtego. Anayekwenda bondeni anatoka mbele ya Askofu. Huko hakuna wa kumtazama. Anayebaki anabaki hapa, karibu na kiti, karibu na jibu.

Melkiadi aliona mapema kuliko mimi. Akakumbatia muundi wa kushoto wa mke wangu. "Mimi nitabaki nimeishika miguu isije ikapata baridi," akasema.

Nikamtazama Odilia. Hakunionyesha chochote. Alikuwa amechoka tu, na sikumbuki mara ya mwisho nilipoutazama uchovu wake kwa muda mrefu hivyo.

Nikachukua ndoo.

Usidhani nilitoka na moyo safi. Mlangoni niligeuka kuangalia kama Baba Askofu ananitazama. Alikuwa anamsaidia mtoto kumenya muwa.

Njia ya kisimani inateremka ghafla, na tope lake si mchezo. Nikavua viatu. Kila mahali palikuwa na nyayo za mtu mmoja, zinashuka, zinapanda, zimekanyagana zenyewe. Kidole gumba kimegeukia nje. Nikazijua. Nilizikanyaga mpaka chini.

Kisimani nikamkuta Bibi Vestina anafua. Akaniona na ndoo, akashika kifua.

"Mwinjilisti! Mama Kezia kafa?"

"Hapana, Bibi. Mzima kabisa."

"Anaumwa?"

"Yuko kanisani. Amekaa kwenye kiti cha Askofu."

Bibi akakung'uta povu mikononi. "Basi anayeumwa ni wewe."

Akanizungushia kitambaa kuwa kata ya kichwani, akaniinulia ndoo, akaiweka, akaiachia. Shingo yangu ikaingia ndani ya mabega. Hatua ya kwanza maji yakanimwagikia mgongoni. Ya pili, machoni. Bibi alicheka mpaka akakaa juu ya nguo zake.

"Usiitazame miguu!" akanipigia kelele. "Tazama mbele! Mkeo huwa anaimba kabisa!"

Kuimba sikuweza. Nikapanda. Njiani nikajaribu kuomba, na sala ikawa fupi kuliko zote nilizowahi kuomba: Bwana, isianguke.

Nilikuwa nimefika katikati ya mlima vigelegele vilipolipuka juu.

Nilisimama. Vigelegele, halafu ngoma ya kwaya, halafu kelele ambazo nazijua, maana nimezisikia mara nyingi zikipigiwa watu wengine. Ndivyo tunavyompokea mchungaji mpya.

Nikamwona Winifrida anateremka mbio, kitenge mkononi, miguu yake ile ya mafuta inateleza huku na huku.

"Mwinjilisti! Acha maji! Njoo upesi! Mama Kezia kasema, na Baba Askofu kakubali! Mtu ametajwa!"

"Ametajwa nani?"

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Njoo uone mwenyewe. Mimi hilo siwezi kulitamka. Melkiadi kazimia!"

Anaweza kuzimia kwa furaha. Anaweza kuzimia kwa uchungu. Melkiadi namjua, anaweza kuzimia kwa unyenyekevu.

"Twende basi!" Winifrida akanivuta mkono. Maji yakaruka. Nikaishusha ndoo chini, nikachungulia ndani.

Ilikuwa nusu. Maji ya nusu ndoo yanatosha mguu mmoja.

Juu walikuwa wanapiga vigelegele. Jina lilikuwa pale juu, hatua chache, na miguu yangu yote miwili ilitaka kukimbia.

"Mwambie anisubiri kidogo," nikasema.

"Nani? Askofu?"

"Mama Kezia."

Nikaibeba ndoo yangu, nikageuka, nikashuka tena kisimani kuijaza.